Mwaka ambao wavuvi walilala nyumbani

Hotuba ya mwenyekiti anayemaliza muda wa Kamati ya Huduma za Jamii na Shughuli za Kujitegemea, katika mkutano mkuu wa kijiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, Jumapili tarehe 15 Desemba 2024.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye kiti hujakikalia hata mwezi, Mtendaji wetu, wajumbe wapya na sisi tunaoondoka, wazee wangu mlioketi pale chini ya mwembe, mama zangu, wadogo zangu, na nyie mliosimama huko nyuma ukutani mkidhani siwaoni. Nawaona. Nilikuwa nawaona hivyo hivyo mlipokuwa darasa la pili. Nawasalimu kwa Kiha: mwakeye.

Mtendaji ameniomba nisome taarifa kwa dakika kumi na tano. Nimemkubalia kwa heshima zote, ila na yeye anajua kwamba mwalimu hata akistaafu, kipindi chake hakipungui dakika arobaini.

Mkutano huu tumeuweka leo kwa makusudi. Usiku wa leo mwezi ni mpevu. Mbalamwezi ikiwa kali namna hii dagaa hawaijali taa, wanatawanyika, na ndiyo maana vipe, mitumbwi yetu ya kuvulia dagaa, vimelala mchangani na wenyewe mko hapa, wengine mkishona nyavu huku mnanisikiliza. Endeleeni kushona, haina shida. Miaka yote tulikuwa tunaitisha mikutano kwa kalenda ya ofisini. Sheria inataka mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, basi tunatazama tarehe ukutani, tunapiga ngoma, wanakuja akina mama, wazee na mbuzi. Wanaume wamelala, usiku kucha walikuwa majini. Halafu tunaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wameazimia. Wananchi gani? Mwaka huu ndio tumejifunza kutazama mwezi wa angani kabla ya kutazama ule wa ukutani. Jinsi tulivyojifunza ndiyo taarifa yangu yote.

Naanza na maji, yale yaliyokuja bila kuitwa.

Masika ya mwaka huu hamhitaji kusimuliwa. Ziwa letu mito inayoliingia ni mingi, ya kwetu, ya Burundi, ya Kongo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule ng'ambo pale Kalemie. Mvua ikizidi, maji yanapanga foleni kusubiri kutoka. Mwezi wa nne na wa tano foleni ilifika vyumbani mwetu. Bujumbura walilia, Uvira walilia, na sisi wa Kigoma tulilia. Hapa kwetu mwalo wote ulizama. Chanja za kuanikia dagaa zikabaki zimechomoza vichwa kama watu wanaoogelea. Kaya za kitongoji cha chini zilihamia shuleni, na nawashukuru waliozipokea majumbani mwao baadaye, maana darasa si nyumba na mtoto hawezi kusoma penye godoro la mtu.

Nina la kukiri hapa, na nalikiri leo ili wajumbe wapya wasilirudie. Mwaka 2022 kamati yangu ilijenga choo cha wanafunzi chenye matundu sita kule chini, karibu na mwalo. Sababu yetu ilikuwa moja: kuchimba mchangani ni rahisi kuliko kuchimba mwamba. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake, akaichomeka ardhini hatua kama ishirini juu ya pale tulipokuwa tunachimba, akasema, "Mwaka wa sitini na nne maji yalifika hapa." Tukamshukuru sana. Tukamletea na kiti akae. Tukaendelea kuchimba.

Mwezi wa tano mwaka huu ziwa lilipita juu ya choo kile, likaenda hadi pale fimbo ilipochomekwa, likasimama. Mzee yupo hapa leo. Hajawahi kuniambia "nilikuambia", na kimya chake kinaniuma kuliko angesema. Shikamoo, mzee wangu.

Sasa maji yakiwa bado ndani, tangazo likafika: kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ziwa linapumzishwa. Hakuna kuvua. Hata mtumbwi wa mtu mmoja. Wengine mlidhani ni adhabu ya Kigoma peke yetu, lakini ziwa hili ni la nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na dagaa wa kwetu leo kesho yupo kwa jirani. Tukipumzisha sisi na mwenzetu akavua, tumempikia jirani. Kwa hiyo ilikuwa lazima yawe makubaliano. Nilielewa haraka, maana mimi nina pensheni. Mwenye pensheni huelewa haraka sana mambo ya kufunga ziwa.

Nisijifanye kwamba miezi ile ilikuwa miepesi. Mama mmoja jirani yangu alikuwa na mkopo wa kikoba, alioukopa mwezi wa tatu kununua dagaa wa kupeleka mjini. Mwezi wa tano dagaa hakuna na marejesho yapo. Vijana wa kwenye vipe wanaolipwa kwa mgawo wa usiku hawakuwa na mgawo wa kugawana. Dukani daftari la mkopo lilifungwa mwezi wa sita, na simlaumu mwenye duka, naye bidhaa zake hununua kwa fedha taslimu. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, Jumatatu, Jumanne tukabadilisha: sombe na ugali wa muhogo. Ashukuriwe Mungu kwa michikichi. Mwaka huu mawese hayakuwa kiungo tu, yalikuwa ada ya sare, yalikuwa nauli ya boti, yalikuwa dawa. Wapo vijana walioondoka kwenda kubeba mizigo mjini, na wawili watatu hawajarudi mpaka leo. Mama zao wako hapa.

Basi Jumapili ya kwanza baada ya kufungwa, tarehe 19 Mei, tukaitisha mkutano. Tulitarajia ugomvi. Ajenda ilikuwa waliohamishwa na maji. Nilipofika hapa chini ya mwembe nikasimama. Miaka 27 ya ubaoni imenifundisha kuhesabu vichwa bila kunyoosha kidole, na nilihesabu wanaume wengi kuliko wanawake. Sijawahi kuona. Wamenyoa, wamelala usiku mzima kama wakulima, wana hasira na hawana pa kuzipeleka.

Ni mvuvi mmoja aliyeuliza swali. Sitamtaja, hapendi. Alisema: "Mwalimu, mimi nimekaa nyumbani siku nne. Siku nne zote mke wangu na binti yangu wametoka saa kumi usiku kwenda kuchota maji. Huwa wanafanya hivi kila siku?"

Akina mama walicheka mpaka mkutano ukasimama. Kumbe kweli hakujua. Saa kumi usiku yeye huwa ziwani, akirudi asubuhi ndoo imejaa, chai imechemka. Ana miaka kumi na minane ndani ya ndoa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa zamu ya usiku.

Swali lile ndilo lililochimba mtaro.

Mnajua historia ya bomba letu. Lilijengwa zamani, la mserereko, kutoka kijito cha kule mlimani hadi tangi, na kutoka tangi hadi vituo vinne vya kuchotea. Kwa miaka mingi kituo kimoja tu ndicho kilichokuwa kinatoa, na chenyewe kinatoa kama machozi ya mamba. Tekeo, yaani pale juu maji yanapoingilia bombani, lilikuwa limejaa udongo. Mabomba yalikuwa yamefukuliwa na mvua, yanapigwa jua, yanapasuka. Na akina mama walikuwa wamerudia ziwani, wanachota pale pale tunapofua, tunapooga na mitumbwi inapomwaga maji machafu. Wenye umri wangu mnakumbuka mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kule mpakani, na kipindupindu kikaingia. Habari zilikuwa zinatufikia kwa boti kila siku. Mtu aliyezisikia habari zile halafu akamnywesha mtoto wake maji ya ziwani bila kuchemsha, hana la kumlaumu mwingine.

Tulikwenda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, pale wilayani, kabla ya kugusa chochote. Hili nalisema kwa wajumbe wapya kwa herufi kubwa. Bomba si la kwenu peke yenu, usiguse bila fundi wa serikali kuona. Alikuja, alipanda hadi juu, akashuka na orodha: mita ngapi za kubadilishwa, tekeo lijengwe upya, mtaro urudishwe kina. Mabomba wakasema watatupa. Saruji, mchanga, kokoto na nguvu ni sisi.

Sasa nyie mnaoishi penye barabara hamwezi kuelewa maana ya neno saruji huku kwetu, na ndiyo maana nalisema kwa urefu, maana najua mtu atairekodi hotuba hii kwenye simu na kuirusha. Kwetu hakuna barabara. Mlima umeingia ziwani mzima mzima. Kila kitu kinapita kwa boti, kuja au kwenda Kibirizi, bandari ya boti mjini Kigoma: misumari, bati, mwalimu mpya, mgonjwa anayepelekwa Maweni, hospitali ya mkoa. Mfuko wa saruji ukipigwa na wimbi si saruji tena, ni jiwe lenye karatasi. Tulichanga shilingi elfu tano kila kaya, na kaya isiyo nayo ilitoa kokoto ndoo ishirini. Tukapata mifuko sitini. Mitatu iliingia maji siku ya upepo wa kusi. Iliyosalia ilifika mwaloni ikiwa imefunikwa maturubai, na watu wameilalia juu kama mama anayemlinda mtoto na mvua.

Kutoka mwaloni hadi kwenye tekeo ni mlima. Mimi hupanda kwa saa mbili nikiwa sina mzigo. Vijana wa vipe walipanda na mfuko wa kilo hamsini begani, wakashuka wakiimba zile nyimbo za kuvuta wavu, wakabeba wa pili. Mtu anayevuta wavu usiku kucha mgongo wake si kama wetu. Serikali ikipita hapa ikauliza kijiji kina rasilimali gani, andikeni: migongo.

Na siyo migongo tu. Tuliposhindwa kulitengeneza boksi la mbao la kumwagia zege kule juu, kwa sababu mbao hazikukutana na maji yalikuwa yanapenya, fundi wa mitumbwi alicheka sana. Akasema, "Mwalimu, mimi maisha yangu yote nazuia maji yasipite kati ya mbao." Akaliziba kama anavyoziba mtumbwi. Hakikupita hata kijiko. Na kamba za kulivutia bomba kwenye korongo la pili, pale ambapo fundi wa wilayani alisema tusubiri vifaa vya kisasa, zilifungwa na wazee wawili wanaofunga nyavu. Fundi akapiga picha. Sijui aliipeleka wapi.

Mtaro tuligawana vipande. Kila kaya na kipande chake, kimepimwa kwa kamba moja, fupi kwa wajane na wazee. Ugomvi ulikuwepo, nisiufiche. Kitongoji cha juu walisema maji yanapita kwao kwanza kwa hiyo wachimbe kidogo. Kitongoji cha chini walisema wao wameshafurikiwa na maji ya kutosha mwaka huu, wasilazimishwe kutafuta mengine. Ilibidi tukae siku mbili. Kilichomaliza ugomvi si busara ya kamati yangu, ni kwamba mabinti wa vitongoji vyote viwili walianza kuchimba wenyewe siku ya tatu asubuhi, na hakuna mwanaume aliyeweza kupita pale na mikono mfukoni.

Tarehe 27 Julai, Jumamosi, maji yalitoka vituo vyote vinne. Yalianza kwa kukohoa. Yakatoka mekundu, watoto wakapiga kelele, yakatoka meupe, yakatulia. Nilikuwa kituo cha shule. Yule mvuvi aliyeuliza swali alikuwa wa kwanza na ndoo. Alijitwika kichwani, bila kata, ikamwagikia shingoni, akaenda nayo hivyo hivyo hadi kwake huku watu wanamshangilia. Mkewe alikuwa mlangoni, ameshika kiuno. Alichosema sitakirudia hapa mbele ya wazee.

(Kicheko.)

Sasa bei. Kuna manung'uniko, nayajua. Ndoo ya lita ishirini tumeipanga shilingi hamsini, wajane wasiojiweza na wagonjwa bure, kwa orodha iliyobandikwa. Mtu anauliza, maji ya Mungu, yanashuka yenyewe mlimani, kwa nini nilipie? Maji ni ya Mungu, lakini koki ni ya dukani. Bomba la kwanza lilikufa kwa sababu lilikuwa bure. Ilipovunjika koki ya kwanza hapakuwa na shilingi ya kununua nyingine, tukafunga kwa mpira wa baiskeli, mpira ukaoza, mambo yakaishia hapo. Chombo chetu cha watumia maji kina akaunti benki, watia saini watatu, mmoja lazima mwanamke. Daftari ninalo hapa na nitalikabidhi. Tangu Julai koki mbili zimebadilishwa bila kumchangisha mtu.

Mengine nayapitia haraka. Boma la darasa limefika kwenye linta, sasa tunasubiri halmashauri ya wilaya ituezekee kama ilivyoahidi. Barua tatu zimeandikwa, nakala zipo kwa Mtendaji. Njia ya zahanati imepanuliwa, machela inapita bila kukwaruza mtu. Uji shuleni umeendelea kwa mihula yote miwili, hata miezi ya njaa, kwa mahindi na muhogo wa wazazi. Hapo sina cha kuongeza zaidi ya kuwainamia waliotoa. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulianzia kitaifa mkoani kwetu mwezi wa saba, na kwa mara ya kwanza waandikishaji walitukuta wote nyumbani. Na Novemba 27 tumechagua viongozi wa vijiji na vitongoji. Mwenyekiti, hongera, na pole.

Choo cha shule tumejenga upya. Juu. Kwenye mwamba. Tulichimba wiki sita kwa sululu na mtaimbo. Kabla ya kuanza nilimfuata mzee na fimbo yake nyumbani kwake, nikamwomba aje atuonyeshe. Alikuja, akatazama, akasogea juu hatua kumi zaidi, akachomeka. Tumechimba pale alipochomeka, na safari hii hatukumpa kiti tu, tulimsikiliza.

Lipo jambo ambalo kamati yangu imeshindwa, nalo ni mlima. Maji tunayokunywa yanatoka juu, na juu panalimwa. Muhogo umepanda mteremko hadi karibu na kijito. Mvua ikinyesha, udongo wote unashuka kwenye tekeo jipya. Mwezi uliopita tumeshalisafisha mara mbili. Tulipiga marufuku kulima mita sitini kutoka kwenye kijito, tukapanda na miche, mingi ikang'olewa usiku. Sisi ni majirani wa Hifadhi ya Gombe. Tangu Jane Goodall aliposhuka pale mwaka 1960 dunia nzima inajua sokwe wa milima hii, na tangu mwaka 1994 taasisi yake imekuwa ikipita vijijini na mradi wa Tacare, miche, vitalu, mipango ya ardhi, na kijiji kilichotunza msitu wake unakiona ukiwa kwenye boti, kijani kinashuka hadi majini. Kwetu ukiwa kwenye boti unaona mistari ya makorongo mekundu kama mtu aliyekwaruzwa na paka. Wanaolima kule nawafahamu, na wengi hawana shamba jingine, ndiyo maana sikuwataja kwenye mkutano wala sitawataja. Huwezi kumwambia mtu ashuke bila kumwonyesha pa kushukia. Nilitaka tupate kwanza eneo la kijiji la kuwapa, na mpango wa matumizi bora ya ardhi ukamilike. Haukukamilika. Wajumbe wapya, hilo ni lenu, na ni gumu kuliko bomba, kwa sababu bomba lilihitaji migongo na hili linahitaji mtu kuachia kitu.

Agosti 15 ziwa likafunguliwa. Usiku ule taa zilienea ziwani kana kwamba mji umeota juu ya maji. Wengine mnasema dagaa wameongezeka, wengine mnasema ni wale wale ila njaa ilikuwa kubwa. Mimi si mtaalamu wa samaki, ninachojua ni sufuria langu, na sufuria langu halijalalamika. Kinachonikera ni kwamba wiki ya pili tu baada ya kufunguliwa BMU, kikundi chetu cha kulinda uvuvi mwaloni, walikamata kokoro, wavu wa kukokota uliokatazwa, na wiki ya tatu wakakamata wavu ulioshonwa kwa chandarua. Chandarua! Kitu tulichopewa tumlaze mtoto chini yake. Tumekaa miezi mitatu na sombe kusubiri dagaa wakue, halafu mtu anakwenda kuwazoa wakiwa bado kama punje za mchele. Faini wamelipa na sitawataja, lakini wameketi upande huu wa kushoto na wanajua najua.

Na kingine kilichofunguliwa Agosti ni usingizi wa mchana. Mkutano wa Septemba tuliuweka kwa kalenda ya ukutani, kwa mazoea. Wakaja akina mama, wazee na mbuzi. Nikasimama hapa nikatazama viti, nikamwona yule mama mwenye mkopo wa kikoba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ziwa limewachukua tena." Ndipo tukaenda kwa wazee wa vipe tukauliza: mwezi gani mnapumzika? Wakatushangaa. Kila mwezi, wakasema, mbalamwezi ikifika. Kila mwezi tunazo siku hizo, toka babu zetu. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri mpya ya kijiji si la fedha. Ratiba ya mikutano na siku za kazi za kijiji ya mwaka 2025 iandikwe kwa mwezi mpevu. Nimeshaichora, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita amenisaidia kuhesabu, nitaibandika ofisini leo. Siku tatu kila mwezi: moja ya mkutano ikihitajika, moja ya kusafisha tekeo na mtaro, moja watu wakae na watoto wao. Hiyo ya tatu haina muhtasari.

Namkabidhi sasa Mwenyekiti wa Kijiji daftari la michango, lenye majina ya kaya zote na kila shilingi ilipokwenda, pamoja na shilingi elfu tatu na mia nne zilizobaki, zipo ndani ya bahasha hii. Daftari la chombo cha maji. Funguo mbili za tangi. Kamba ya kupimia vipande vya mtaro, msiipoteze, ndiyo iliyotuepusha na ugomvi. Orodha ya vifaa vya shule tulivyoazima: masururu manne, yamerudi, mitaimbo miwili, imerudi, ndoo kumi, zimerudi nane na mbili zilipasuka kwa haki, sepetu saba, zimerudi tano.

Sepetu mbili hazijulikani zilipo. Mwalimu mkuu ananiuliza kila tukikutana. Aliye nazo aziegemeze mlangoni mwa ofisi ya shule. Usiku wa leo mbalamwezi ipo, njia ataiona, na mimi nitakuwa nimelala.